Fremu ya Kaboni ya Bei Nafuu: Igonge Kabla ya Kuilipia

Fremu yangu ya kwanza ya kaboni ilikuwa ya buluu na iling'aa kama gari la harusi. Niliinunua hapa Nakuru kwa mtu ambaye sitamtaja, nikaivalisha vifaa vyangu Ijumaa usiku, na Jumamosi alfajiri nikawa napanda nayo Menengai. Wiki ya tatu, nikiwa nimesimama juu ya pedali kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kreta, nikasikia "kra", kama mtu aliyekanyaga biskuti. Nilishuka, nikaikagua, sikuona kitu.

Fundi wangu ni mzee aliyekulia kwenye baiskeli za chuma za Black Mamba, na kaboni huwa anaiita plastiki ya matajiri. Hakuniuliza maswali. Alitoa sarafu ya shilingi kumi, ile yenye simba, akaanza kuigonga fremu polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Ti, ti, ti. Alipofika karibu na ekseli ya pedali, upande wa cheni, ikalia du. Akarudi nyuma kidogo: ti. Akasogea tena: du.

"Kijana yangu," akasema, "hapa uliuziwa fila."

Akakwaruza rangi kwa ncha ya bisibisi, na chini yake ikatoka ile fila ya kuzibia mabati, inayopakwa kwenye milango ya matatu zilizogongwa. Ufa wa kaboni ulikuwa umezibwa, ukapigwa msasa, ukapakwa rangi ya buluu. Mimi nilikuwa nimenunua rangi.

Tangu siku hiyo nimeandamana na watu kadhaa kwenda kununua fremu, Nakuru, Kisumu na mara moja Kakamega. Haya ndiyo tunayofanya, kwa mpangilio tunaoyafanya.

Jiulize kwanza kama unaihitaji

Fremu nzuri ya alumini ya baiskeli ya barabarani huwa karibu kilo 1.4 au 1.5. Ya kaboni ya bei ya kawaida huwa kilo 1 hadi 1.2. Tofauti ni gramu 300 au 400, chini ya uzito wa maji yaliyomo kwenye chupa ya nusu lita, na maji hayo utayanywa kabla hujafika Njoro. Kwa hiyo mtu akikuambia kaboni itakupandisha mlima wa Riat kama upepo, mwulize yeye mwenyewe ana kilo ngapi tumboni.

Faida ya kweli ya kaboni iko kwenye namna inavyotengenezwa. Ni nyuzi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikwa na gundi ya epoksi, kisha zikaivishwa ndani ya kalibu kwa joto na mgandamizo. Mtengenezaji anazilaza atakavyo: hapa kwa namna ya kufanya pawe pagumu unapokanyaga pedali, pale kwa namna ya kufanya palegee kidogo na kumeza mtetemo. Ukitoka Nakuru kwenda Molo na kurudi, juu ya lami iliyokwanguka, mikono yako itaitambua tofauti hiyo kuliko mizani.

Ubaya wake ni kwamba haikuambii ikiumia. Chuma hupinda ukaona kimepinda, na fundi akakinyoosha. Kaboni inaweza kugongwa leo, ikabaki na umbo lake na mng'ao wake, huku tabaka za ndani zimeachana. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya masikio na vidole.

Kama bajeti yako ni finyu sana, nunua alumini yenye foku ya kaboni, yaani ule uma wa mbele unaoshika gurudumu. Nasema hivyo bila aibu. Fremu ya alumini isiyo na makosa inaishinda kaboni ya kubahatisha kila siku ya wiki.

Piga hesabu ya baiskeli nzima, si ya fremu

Watu huanza na bei ya fremu, na hapo ndipo wanapopotelea. Tuseme umeona fremu mpya ya Uchina ya dola 500 pamoja na foku. Kwa dola moja karibu shilingi 130, hiyo ni 65,000. Tuseme usafirishaji ni dola 100, yaani 13,000. Umefika 78,000. VAT ya Kenya ni 16%, na haihesabiwi juu ya bei ya fremu peke yake bali juu ya bei, usafirishaji na ushuru vikijumlishwa. Hata ukiweka ushuru wa forodha kando kwanza, VAT peke yake inakaribia 12,500. Ukiongeza ushuru huo na ada za kuagiza mizigo, umepita 90,000 bila hata tairi moja. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, si siku unapoambiwa mzigo umezuiwa mpaka ulipie.

Halafu orodhesha vidogo vidogo: beringi za usukani, nguzo ya kiti kama haiji na fremu, beringi za ekseli ya pedali, kile kipande cha alumini kinachoshikilia kibadilisha giya cha nyuma. Kila kimoja ni pesa kidogo. Vikikusanyika ni pesa za mtu kulipa karo.

Mahali pa kuitafuta

Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni mitumba, baiskeli kuukuu zinazoingia kutoka Ulaya. Humo kuna almasi na kuna takataka, na muuzaji mara nyingi hajui ipi ni ipi. Anajua tu kwamba ya kaboni ni nyepesi na anaweza kuongeza bei. Mara nyingi utapewa baiskeli nzima, na hilo ni zuri, kwa sababu vifaa vyake vinaweza kuwa na thamani kuliko fremu yenyewe.

Ya pili ni kununua kwa mwendesha baiskeli unayemjua au anayejulikana na unaowajua. Hii ndiyo ninayoipenda. Fremu ya mashindano imechoka, ndiyo, lakini ina historia unayoweza kuuliza: ilianguka lini, upande gani, nani aliitengeneza. Mwanamichezo anayekuambia "iliwahi kulala kulia kwenye kona ya Kericho" amekuonyesha mahali pa kuanzia kugonga.

Ya tatu ni kuagiza mpya isiyo na jina moja kwa moja kutoka Uchina. Viwanda vingi vya fremu za kaboni viko Xiamen na Shenzhen, na vingine huuza umbo moja kwa wanunuzi wengi, kila mmoja akabandika jina lake. Kununua fremu isiyo na jina si dhambi. Dhambi ni kununua isiyo na jina ikiwa imeandikwa Pinarello au Specialized kwa robo ya bei. Fremu bandia za majina makubwa zimezagaa mtandaoni kwa miaka. Kiwanda kinachodanganya kuhusu jina, sijui kwa nini mtu aamini hakikudanganya kuhusu idadi ya tabaka.

Kwa fremu mpya, muulize muuzaji maswali mawili. Je, imepimwa kwa kiwango cha ISO 4210, ambacho ndicho cha usalama wa baiskeli, na anaweza kukutumia ripoti? Je, ina kibandiko cha UCI, shirika la kimataifa la mchezo wa baiskeli? Tangu 2011 fremu mpya zinazoruhusiwa kwenye mashindano ya UCI huwa na kibandiko chenye msimbo, na orodha yake iko wazi kwenye tovuti ya shirika hilo. Kibandiko kinaweza kughushiwa, kwa hiyo litafute jina kwenye orodha. Maandishi ya "T700" au "T800" yasikuchanganye. Hayo ni majina ya madaraja ya nyuzi za kampuni ya Toray ya Japani, na stika yoyote inaweza kuyabeba. Nyuzi bora zilizolazwa vibaya ni kama unga mzuri kwa mpishi mbaya.

Ukubwa: pima mwili wako nyumbani

Simama ukutani bila viatu, weka daftari gumu katikati ya mapaja, livute juu mpaka libane kama kiti kinavyobana, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa daftari. Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali wa karibu kati ya katikati ya ekseli ya pedali na juu ya kiti. Mwenye miguu ya sentimita 84 anapata 74. Si sheria ya Musa, lakini inakuepusha na makosa makubwa.

Sasa ikague fremu. Usisome tu namba iliyoandikwa, 54 au 56, kwa sababu kila kampuni ina 54 yake. Vipimo viwili visivyodanganya ni kimo kutoka katikati ya ekseli ya pedali hadi usawa wa juu wa paipu ya usukani, na umbali wa mlalo kati ya nukta hizo mbili. Pima baiskeli unayoendesha sasa ukiwa umeridhika nayo, uandike namba hizo mbili kwenye simu, na uzilinganishe na za fremu unayoitaka. Tofauti ya sentimita 1 inaweza kurekebishwa kwa shingo ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani juu ya foku. Tofauti ya 3 ni fremu ya mtu mwingine.

Wenye miguu mirefu, na huku magharibi tuko wengi, waangalie pia mstari wa mwisho uliochorwa kwenye nguzo ya kiti. Nguzo isipozama vya kutosha, inafanya kazi ya mtaimbo na kuipasua paipu ya kiti.

Ukaguzi

Nenda mchana. Usikubali kuonyeshwa fremu jioni chini ya taa ya duka. Beba kitambaa chenye unyevu, tochi ya simu, pamba, funguo za aleni, uzi mrefu wa fundi mwashi, futi, na sarafu.

Siku moja tulikuwa Kisumu, si mbali na Kibuye, mimi na kijana aliyetaka fremu nyeusi ya mtumba. Nilipotoa sarafu muuzaji akacheka. "Omera, hiyo kumi ndiyo bei unanipea?" Nikamwambia, "Hapana, brathe, hii ni daktari." Akatuachia nafasi, na mwisho akawa anagonga mwenyewe na kuinamisha sikio. Ninachosema ni hiki: muuzaji asiye na la kuficha hatakuzuia. Anayekuambia "hiyo inaharibu rangi" mshukuru, uende zako.

Anza kwa kufuta. Vumbi la murramu na mafuta ya cheni hufunika mengi. Futa hadi chini ya ekseli ya pedali, mahali ambapo hakuna mtu anayefuta. Hapo pia ndipo penye namba ya fremu, ipige picha.

Kisha tumia macho, mwanga ukija kwa ubavu. Igeuze fremu polepole na ufuate mng'ao unavyoteleza juu ya paipu. Mng'ao ukivunjika au ukipinda ghafla, papo hapo pana fila, pana rangi iliyorudiwa, au pana bonde. Tazama mahali ambapo ajali hugonga. Baiskeli ikianguka, usukani huzunguka na kuipiga paipu ya juu, kwa hiyo tazama mbavu zake, karibu na mbele. Tazama paipu za nyuma zinazopita kando ya cheni, ambapo cheni ikitoka hutafuna kaboni kama panya. Tazama chini ya paipu ya chini, ambapo mawe ya barabara ya Kakamega hupiga. Tazama mahali panapobanwa na klampu ya nguzo ya kiti, kwa sababu kuna mafundi wanaokaza kaboni kama wanakaza gurudumu la lori.

Mikwaruzo ya rangi ya juu si ugonjwa. Ipitishe kucha: kucha ikiteleza au ikikwama kidogo tu, ni rangi. Kucha ikiingia, na ukiona nyuzi nyeusi zimechomoza, hiyo ni kaboni. Papitishe pamba polepole. Pamba ikinasa na kuacha manyoya, nyuzi zimekatika. Mstari mfupi wa ufa kwenye rangi, karibu na mahali kaboni inapokutana na chuma, kama pale waya wa breki unapoingia, mara nyingi ni rangi tu. Mstari unaozunguka paipu, au unaoonekana pande mbili za paipu moja, achana nao hata ukipewa bure.

Stika mpya kwenye fremu ya zamani nibandulie tafadhali. Chini ya stika ndipo nilipoona ufa wa pili maishani mwangu.

Sasa sarafu. Shika fremu kwa mkono mmoja kwenye kiti au itundike kwa kamba, isiguse chini. Gonga kwa ukingo wa sarafu, kwa wepesi, kila baada ya sentimita 1 au 2. Unasikiliza mabadiliko, si sauti yenyewe. Kaboni nzima hulia kavu na kali. Mahali tabaka zimeachana, au pana fila, hulia butu, kama ubao mbichi. Lakini usiogope kila mabadiliko: karibu na maungio paipu huwa nene na sauti hushuka yenyewe. Dawa ni kulinganisha kushoto na kulia mahali palepale. Kulia ikisema ti na kushoto ikisema du, umepata jibu. Na kama hujawahi kusikia fremu nzima, usianzie sokoni. Nenda kwa rafiki mwenye kaboni nzuri, ugonge kwa nusu saa sikio lizoee. Hata hivyo sarafu haioni kila kitu. Ni njia ya kukataa, si cheti cha uzima.

Bonyeza paipu kwa vidole gumba viwili. Paipu za juu za fremu nyepesi hunesa kidogo, hilo ni la kawaida. Kisicho cha kawaida ni sehemu moja kunesa zaidi ya jirani yake, au kutoa mlio unapobonyeza.

Mwambie muuzaji atoe nguzo ya kiti mbele yako. Hili watu husahau, na linagharimu kuliko yote. Nguzo ya alumini ndani ya paipu ya kaboni, ikiingia jasho na unyevu, hushikana nayo kwa kutu ya aina yake, na kuitoa kunaweza kumaliza fremu. Kisumu, pamoja na unyevu wa ziwa, nimeona nguzo iliyonasa humo kama msumari kwenye mvule. Isipotoka, bei yake ni sifuri. Ikitoka, mulika ndani kwa tochi.

Kisha foku, na hapa naomba usiwe na haraka. Fremu ikivunjika nyuma, mara nyingi unapata nafasi ya kusimama. Foku ikivunjika, unakula lami kwa meno. Itoe nje kabisa. Kagua shina lake lote, hasa pale shingo ya usukani ilipokuwa imebana na pale linapokutana na mabega. Alama za kusagika mviringo ni dalili ya beringi zilizolegea kwa muda mrefu. Angalia pia limekatwa urefu gani: shina lililokatwa fupi kwa mtu mfupi halirefuki. Foku yenye shaka yoyote itupe na uhesabu bei ya nyingine. Usiruhusu mtu kuiziba.

Mwisho ni uzi. Funga ncha moja pale gurudumu la nyuma linapokaa, upande wa kushoto, uzungushe mbele ya paipu ya usukani, uurudishe upande wa kulia na uuvute ukaze. Pima umbali kati ya uzi na paipu ya kiti, kila upande. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 2 au 3, fremu imepinda, au ilizaliwa imepinda. Mpya za bei ya chini nazo huzaliwa hivyo, kwa hiyo iliyotoka kwenye boksi nayo ipime.

Je, vipuri vyake viko mjini?

Unaweza kupata fremu nzima, nzuri, ya ukubwa wako, na bado ukaujutia ununuzi kwa sababu ya tundu moja.

Tundu hilo ni la ekseli ya pedali. Kuna la skrubu la kawaida, BSA, la upana wa milimita 68, na kuna yale ya kusukumia beringi bila skrubu, kama BB86 na PF30. La skrubu likilia, fundi yeyote mwenye spana ya aina yake analifungua, anasafisha, anapaka grisi, mnaendelea na maisha. Ya kusukumia huanza kulia vumbi likiingia, na sisi vumbi ndilo chakula chetu. Yanahitaji vifaa vya kutolea na kuingizia ambavyo nje ya Nairobi si kila fundi anavyo. Ukiwa na chaguo, chukua ya skrubu. Kama hilo tundu lina bomba la alumini lililogundishwa ndani ya kaboni, lijaribu: lisicheze wala kuzunguka.

Breki za rimu, zinazobana ukingo wa gurudumu, au za diski, zinazobana sahani iliyo katikati yake? Kwa fremu ya bei nafuu mashambani kwetu, mimi bado ni mtu wa rimu. Pedi zinapatikana, waya unapatikana, na mafundi wa barabarani wanazijua. Ila fremu nyingi za zamani za breki za rimu hazipitishi tairi zaidi ya milimita 25, na kwa barabara zetu 28 ndiyo ningependa. Fremu za diski hupitisha 32 au zaidi, na huo ni utamu wa kweli kwenye murramu. Kama unachukua diski za mafuta, kwanza muulize fundi wako kama ana vifaa vya kutoa hewa kwenye mabomba yake. Akikuuliza "hewa gani?" umejibiwa. Kupima nafasi ya tairi, chukua ufunguo wa aleni wa milimita 4 uupitishe kati ya tairi na fremu pande zote. Usipopita, matope ya Molo yatakufundisha.

Magurudumu yako je? Fremu za rimu kwa kawaida huchukua nyuma milimita 130 na kiwiko cha kufungulia, na za diski za siku hizi huchukua ekseli nene ya milimita 12 inayopenya hadi upande wa pili, upana 142. Havibadilishani.

Na kile kipande cha kushikilia kibadilisha giya hutofautiana fremu kwa fremu. Kimetengenezwa kwa makusudi kivunjike kabla ya kaboni. Kinunue viwili siku unaponunua fremu, kwa sababu kile cha mtumba wa 2012 utakitafuta hadi uzeeke.

Kulipa na kuileta nyumbani

Andikeni karatasi: jina, namba ya kitambulisho, namba ya fremu, bei, sahihi. Baiskeli za wizi zipo, na karatasi hiyo ndiyo utakayoionyesha kituoni. Usitume pesa za M-Pesa za "kushikilia" fremu ambayo hujaigusa. Kama muuzaji yuko mbali, mwambie akupigie video akigonga fremu kwa sarafu. Wengine hukata simu, na umeokoa nauli.

Ukisafiri na fremu kwenye matatu kutoka Kisumu, usiiruhusu ipande juu ya keria. Nimeona fremu ya mtu ikiwekewa magunia mawili ya viazi Londiani, na kondakta akamwambia, "Hiyo ni baiskeli, mzee, imezoea." Ifunge paipu kwa maboksi na sponji, ingiza kipande cha ubao kati ya miguu ya foku isibanwe, na ulipie kiti cha pili. Nauli hiyo ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote.

Kuifunga

Spana ya kupimia nguvu si anasa. Bolti nyingi za kaboni hukazwa kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 na 6, na kiwango chenyewe huandikwa kando ya bolti. Mkono wa fundi aliyezoea chuma hufika 10 bila yeye kujua. Spana hiyo nunueni watu watano, mgawane. Kwenye nguzo ya kiti ya kaboni usipake grisi ya kawaida. Paka ile ya kaboni yenye chembechembe kama mchanga, inayoshika bila kukaza sana. Fundi akitaka kuibana fremu kwenye stendi, mwambie abane nguzo ya kiti, si paipu ya juu.

Endesha kilomita 100 za kwanza karibu na nyumbani, halafu kagua tena kila bolti na ugonge tena kwa sarafu. Baada ya hapo, toa nguzo ya kiti kila miezi michache, uifute, uirudishe. Kila ukianguka, hata kama ni kuanguka kwa aibu ukiwa umesimama kwenye taa, gonga.

Kaboni inaweza kurekebishwa na mtu anayeijua, kwa kukwangua hadi kwenye tabaka nzima na kulaza nyuzi mpya. Fundi wa faiba wa bodi za matatu si mtu huyo, hata kama ni shemeji yako.

Ile fremu yangu ya buluu tuliikata kwa msumeno. Kile kipande cha upande wa cheni kinaning'inia kwa waya kwenye kibanda cha mzee, kando ya minyororo ya Black Mamba, na chini yake amening'iniza kipande kizima cha fremu nyingine. Kijana akija kuuliza habari za kaboni, mzee hamjibu. Humpa shilingi kumi na kumwonyesha vile vipande viwili.